Majalada Manne ya Musa

Nilikuwa karani wa mahakama za mwanzo mkoani Kagera mpaka nilipostaafu, na kazi ile imeniharibia usomaji wa Biblia. Wenzangu katika jumuiya husoma wapate faraja. Mimi kabla sijafika mstari wa tatu nimeshaanza kutafuta: nani mdai, nani mdaiwa, nani alisikilizwa, nani alinyimwa nafasi, na hukumu ilitekelezwa au ililala kabatini. Mchungaji wetu hunitania kwamba siku ile ya mwisho nitamwomba Bwana nakala ya mwenendo wa shauri, iliyogongwa muhuri. Humwambia kwamba nitaiomba kweli, na ada nitalipa.

Musa naye alikuwa hakimu. Sura ya 18 ya Kutoka inamwonyesha ameketi kutwa nzima, watu wamejipanga mbele yake, mpaka mkwewe Yethro akamhurumia na kumshauri aweke wasaidizi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Madogo wayamalize wao, mazito yaje kwake. Mahakimu niliofanya nao kazi walimpenda sana Yethro. Walisema ndiye mwasisi wa mahakama ya mwanzo. Hata hivyo yako mashauri manne ambayo Musa mwenyewe alikwama. Hakuwa na sheria ya kuyaamulia, au alikuwa nayo lakini ilimpiga chenga, akayapeleka kwa Mungu. Wasomaji wa Kiyahudi waliyaweka pamoja tangu zamani. Philo wa Alexandria, aliyeishi zama za Yesu, anayasimulia yote manne katika kitabu chake juu ya maisha ya Musa. Kwa hiyo kuyakusanya si ugunduzi wangu. Nilichokifanya mimi ni kuyasoma kama majalada.

Jalada la kwanza liko katika Walawi 24. Kijana ambaye mama yake ni Mwisraeli na baba yake ni Mmisri amegombana na mtu kambini, na katika ugomvi amelikufuru Jina. La pili ni Hesabu 9: wanaume kadhaa wamegusa maiti, ni najisi, na Pasaka imefika, wamezuiwa kutoa sadaka pamoja na wenzao. La tatu, Hesabu 15, mtu mmoja amekutwa akiokota kuni siku ya Sabato. La nne ni Hesabu 27, dada watano wasio na kaka, ambao baba yao Selofehadi amefia jangwani, nao wanadai sehemu yake ya ardhi.

Mawili kati ya hayo yaliisha kwa mtu kutolewa nje ya kambi na kupigwa mawe mpaka afe. Mawili yaliisha kwa sheria kupanuliwa: waliokuwa najisi wakapewa Pasaka nyingine mwezi wa pili, yaani mwezi mmoja baadaye, na mabinti wakapewa urithi. Tangu nilipoligundua hilo nimekuwa nikijiuliza tofauti iko wapi. Ukubwa wa kosa hautoshi kuieleza, maana kuokota kuni si jambo kubwa kuliko kugawa ardhi ya taifa zima.

Tofauti niliyoiona ni hii. Katika mashauri mawili yaliyoisha kwa mawe, mtuhumiwa hana neno hata moja kwenye kumbukumbu. Wote wawili wamewekwa mahabusu wakisubiri kauli ya Bwana. Biblia inasema hivyo waziwazi kwa kila mmoja. Wa Walawi hata jina lake halikuandikwa. La mama yake limeandikwa, Shelomithi, na la babu yake pia, na kabila lao la Dani, lakini yeye mwenyewe hana jina. Mwokota kuni naye hana jina, hana maelezo, hana shahidi wa upande wake. Hakuna aliyemuuliza kuni zilikuwa za nini. Hakuna aliyesimama kusema, Musa, mtu huyu ana mgonjwa nyumbani, au, mtu huyu hakusikia tangazo. Walioleta habari ni waliomkamata tu.

Katika mashauri mawili mengine watu walikuja kwa miguu yao na wakafungua vinywa. Wale wa Pasaka waliuliza kwa nini wazuiwe. Wale dada waliuliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo kwa sababu tu hakuzaa mtoto wa kiume. Kwa nini, kwa nini. Mara zote mbili Musa alikwenda kwa Mungu na lile "kwa nini" mkononi, na mara zote mbili Mungu aliongeza kitu ambacho hakikuwamo.

Sisemi kwamba mwokota kuni angeokoka kama angesemewa. Jalada haliniruhusu kusema hivyo. Nasema tu kwamba hatujui, kwa sababu hakuna aliyejaribu.

Niwaeleze vizuri wale dada watano, kwa sababu nimewapenda. Ni Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Taifa limepiga kambi katika uwanda wa Moabu, ng'ambo ya Yeriko, na sensa imemalizika sura moja nyuma: wanaume 601,730 wa umri wa vita. Ardhi itagawanywa kwa hesabu hiyo. Wanawake hawahesabiwi, na bado mwandishi wa sensa, alipofika kwa Selofehadi wa kabila la Manase, alisimama akaandika kwamba huyu hakuwa na wana ila mabinti, akayaorodhesha majina yao yote matano. Sijui alisukumwa na nini. Karani huyo ningependa kumfahamu. Majina hayo matano yanaonekana tena mara tatu baada ya hapo, mara mbili zaidi katika Hesabu na mara moja katika Yoshua, na wako manabii ambao hawakupata bahati hiyo.

Hawakwenda kwa mkuu wa kumi wala mkuu wa hamsini. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Na hoja yao waliiandaa. Kwanza walisema baba yao hakuwa katika kundi la Kora, lile lililomwasi Musa, bali alikufa kwa dhambi yake mwenyewe kama watu wengine wa kizazi chake. Wajanja. Walijua kwamba mtu wa kwanza kupinga angeuliza kama marehemu alikuwa mhaini, basi wakafunga mlango huo kabla haujafunguliwa. Kisha wakaweka dai kwa maneno machache: tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Nimeandika hati nyingi za madai katika maisha yangu kwa watu waliokuja wakilia wasijue waanzie wapi. Hii ya binti za Selofehadi nisingeifuta hata neno. Na wanadai kiwanja katika nchi ambayo bado haijakanyagwa na yeyote kati yao.

Jibu la Mungu lilikuwa kwamba wanasema sawa. Hakusema Musa awahurumie kwa sababu ni yatima. Alisema wana haki, kisha akatoa sheria kwa taifa zima: mtu akifa bila mwana, urithi uende kwa binti, asipokuwa na binti, kwa ndugu zake, wasipokuwapo, kwa ndugu za baba yake, wasipokuwapo hao, kwa jamaa wa karibu. Dai la familia moja likawa sheria ya wote.

Huku kwetu shauri kama hilo tulilishuhudia. Mwanamke mzee wa wilaya ya Muleba, Holaria Pastory, alirithi kwa wosia wa baba yake shamba la ukoo. Uzee ulipomzidi na hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu mtu wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika mahakama ya mwanzo akidai mauzo ni batili, kwa kuwa kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mila hiyo ilikuwa imeandikwa, na tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliichapa: mwanamke anaweza kula matunda ya ardhi ya ukoo mpaka kufa, lakini si kuiuza. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana na Bernardo. Mahakama ya wilaya ikageuza hukumu. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema kwamba haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 haziwezi kukaa meza moja na ubaguzi ule. Mwanamke ana haki ya kuuza kama aliyo nayo mwanamume. Mwaka huohuo kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), nalo likaamua kuruhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji. Huku Kagera wako wazee waliosema kwamba mwaka ule dunia ilipinduka.

Nilipoifundisha Hesabu 27 katika kipindi cha wanawake usharikani, mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango, asiyependa kusema, aliniuliza: "Mama Karani, kwani Mungu hakujua?"

Nikamwomba afafanue. Akasema, kama mabinti walikuwa na haki, Mungu aliijua haki hiyo tangu Sinai. Mbona hakuiandika mapema? Mbona asubiri mpaka watoto wa watu wasimame mbele ya wanaume laki sita?

Siku hiyo sikuwa na jibu la kumpa, tukaimba, tukafunga kwa sala. Swali lake ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu pande zote mbili kuna shimo. Ukisema Mungu hakujua, umemfanya kuwa kama sisi. Ukisema alijua akanyamaza, basi alikuwa ameacha sheria yenye tundu itumike mpaka alalamike anayeumia.

Wasomi wa imani wamekuwa na njia ya kulikwepa. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu ni mkamilifu, hakuna anachokosa, kwa hiyo hakuna kitu anachoweza kugeuka na kuwa. Pale Biblia inaposema alijuta au alighairi, inasema kwa lugha yetu ili tuelewe. Calvin alisema karibu hivyohivyo, kwamba Mungu hujishusha katika kusema nasi jinsi mlezi anavyosema na mtoto mchanga. Mafundisho haya siyadharau. Nimemfahamu hakimu mmoja, Mungu amrehemu, ambaye hukumu yake ungeweza kuibashiri kwa kujua nani alimtembelea jioni iliyotangulia. Kwa mjane asiye na kitu cha kupeleka jioni, habari kwamba yuko Hakimu asiyegeuzwa ni habari njema kabisa. Nataka Mungu asiyebadilika. Sitaki mwingine.

Ila turudi kwenye majalada, maana huko ndiko nilikopata kitu. Wahubiri wanapotaka kuthibitisha kwamba Mungu hageuki, wanasoma sehemu mbili hasa. Ya kwanza ni Hesabu 23, pale Balaamu anapotangaza kwamba Mungu si mtu hata ajute. Ya pili ni Samweli wa Kwanza 15, Samweli anaposema jambo lilelile. Ni mara chache wanauliza maneno hayo aliambiwa nani. Ya kwanza aliambiwa Balaki, mfalme wa Moabu, aliyejenga madhabahu saba na kuchinja ng'ombe na kondoo ili Mungu wa Israeli anunuliwe awalaani watu wake mwenyewe. Ya pili aliambiwa Sauli, mfalme aliyekuwa ameng'ang'ania vazi la nabii mpaka likararuka, akitaka kubaki na heshima mbele ya wazee. Wafalme wawili, wote wakijaribu kumvuta Mungu upande wao kwa nguvu ya cheo au ya sadaka. Hao ndio walioambiwa hageuki.

Na sura hiyohiyo ya Samweli, kabla na baada ya maneno hayo, inasema Mungu alijuta kumfanya Sauli mfalme. Mwandishi hakuona haya kuyaweka yote mawili. Nilikuwa nadhani ni kasoro ya uandishi. Sasa nadhani ni mtu aliyejua kazi yake.

Tazama upande wa pili, watu ambao Mungu alighairi mbele yao. Musa baada ya ndama wa dhahabu, akiwaombea watu waliomkosea yeye pia. Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, akisema Yakobo atasimamaje, ni mdogo. Akaondolewa nzige, akasema tena, akaondolewa moto. Watu wa Ninawi wamevaa magunia, na mifugo yao pia. Hezekia amegeukia ukuta analia, akaongezewa miaka 15. Hezekia alikuwa mfalme, kweli, lakini kitandani pale hakuwa na ufalme wa kumsaidia. Wote hao hawakuleta kitu. Walileta maneno.

Kwa hiyo mama wa mlangoni nimemjibu baadaye, na jibu langu ni hili, alipokee au alikatae. Mungu hageuzwi na mwenye nguvu, ila husikiliza anayeumizwa, na hizo si tabia mbili. Hakimu ambaye hawezi kununuliwa ndiye hakimu pekee ambaye maskini anaweza kubishana naye. Balaki na mabinti wa Selofehadi walisimama katika nchi moja ya Moabu, na sura zilizopo kati yao ni chache. Mfalme alikuja na ng'ombe saba na kondoo saba, tena na tena, hakupata kitu. Wasichana walikuja mikono mitupu wakapata sheria.

Lakini hilo halijajibu kwa nini alisubiri. Hapo ndipo Ezekieli 22 inaponisumbua. Mungu anasema alitafuta mtu mmoja wa kusimama mahali palipobomoka, amzuie yeye Mungu asiiharibu nchi, na hakumwona. Alitafuta mtu wa kumpinga! Sijaona hakimu wa duniani anayetoka nje ya mahakama kumtafutia mshitakiwa msemaji dhidi ya hukumu yake mwenyewe. Katika miaka yangu ya kazi mawakili hawakuruhusiwa mahakama ya mwanzo. Kila mtu alijisemea, na yule asiyejua kusema aliondoka ameshindwa hata kama kila mtu chumbani alijua ana haki. Nimeona hayo mpaka nikachoka. Mungu wa Ezekieli anaonekana kuwa amechoka nayo pia.

Naamini, basi, kwamba hakuziba lile tundu la sheria pale Sinai kwa sababu hakutaka sheria yake iwe kitu kinachoshuka tu juu ya vichwa vya watu. Alitaka iwe na sauti za watu ndani yake. Musa angeweza kupewa ibara ya urithi wa mabinti akiwa mlimani, na mabinti wangeipokea kama walivyopokea nyingine zote, wameinamisha vichwa. Badala yake ibara hiyo katika Torati ina majina matano ya wanawake, na kila anayesoma Torati lazima ayapitie. Hata Ibrahimu alipobishana juu ya Sodoma, kutoka 50 kushuka mpaka 10, ni Mungu aliyeanzisha habari hiyo. Alisema mwenyewe kwamba hawezi kumficha Ibrahimu anachotaka kufanya. Anayemwambia mtu mpango wake kabla ya kuutekeleza anataka kusikia neno.

Kuna ndugu wa uamsho ambao hawapendi mazungumzo haya. Kwao sala iliyokomaa ni kusema mapenzi yako yatimizwe na kunyamaza. Nawaheshimu, mama yangu alikuwa mmoja wao, na alikufa vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Lakini Bwana wetu mwenyewe kabla hajasema hivyo bustanini aliomba kikombe kiondolewe, na alikwenda kuomba tena na tena. Alimaliza hoja yake kwanza. Na yule mwanamke Mkanaani aliyejibiwa kwa mfano wa mbwa na chakula cha watoto, aliugeuza mfano uleule ukamtetea, na Yesu akamsifu imani yake. Hakumkaripia kwa ubishi.

Sasa niseme lile linalonikera, maana nisipolisema nitakuwa nimepanga ushahidi upande mmoja. Rufaa hukataliwa. Katika sura ileile ya 27, mabinti wakiwa wameshashinda na wino haujakauka, Mungu anamwita Musa na kumwambia apande mlima Abarimu aitazame nchi, kisha afe, hataingia. Kumbukumbu la Torati sura ya 3 inaongeza kwamba Musa aliomba avuke, alisihi, na akaambiwa inatosha, asiseme tena habari hiyo. Mtu aliyewasemea wengine wote, aliyebeba shauri la wasichana watano mpaka kwa Mungu na kurudi na ushindi, la kwake likatupwa. Paulo aliomba mwiba uondolewe, mara tatu, ukabaki. Na pale bustanini kikombe hakikuondolewa.

Mume wangu aliugua figo. Nilisema kila neno ninalolijua. Nilimkumbusha Mungu habari ya Hezekia, nilimwambia mzee huyu hajamaliza kulea, nilibishana usiku kwenye korido ya wodi mpaka muuguzi akaniuliza naongea na nani. Alifariki. Sina maelezo, na wale waliokuja msibani na maelezo niliwashukuru kwa kuja. Nadharia yangu ya majalada manne haimfikii. Mahakamani, hata rufaa ikitupwa, jaji analazimika kuandika sababu. Mimi sababu sijaipata, na Musa naye sioni kama alipewa iliyomridhisha, kwa sababu anasimulia jambo hilo bado ana uchungu na anawalaumu wenzake. Ila nimegundua kwamba ombi lake lililokataliwa limeandikwa. Torati ingeweza kuliacha. Walioihifadhi waliona ombi lililoshindwa linastahili kukaa humo pamoja na lile lililoshinda, na mimi maneno yangu ya koridoni sijayaomba msamaha.

Jambo la mwisho la mabinti ni la kikarani kabisa. Hukumu yao haikuishia sura ya 27. Katika sura ya 36 wakuu wa ukoo wa Manase wanakuja na malalamiko: wasichana hawa wakiolewa kabila jingine, ardhi itahama nao. Mungu anasema hawa nao wanasema sawa, na mabinti wanaelekezwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Wakaolewa na wana wa baba zao wadogo na wakubwa. Wanawake katika kipindi chetu hawakuipenda sura hiyo, na mimi pia ninaisoma kwa kusitasita. Haki yao imewekewa kamba. Lakini hata hapo wale waliokuwa na hofu walisikilizwa, na mabinti hawakunyang'anywa kitu. Ardhi ilibaki yao.

Kisha Musa akafa. Yordani ikavukwa, Yeriko ikaanguka, vita vikapiganwa, na katika Yoshua 17 ugawaji wa ardhi unafika kwa kabila la Manase. Hapo wanatokea tena, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mbele ya Eleazari na Yoshua na wakuu, wakiwakumbusha kwamba Bwana alimwagiza Musa wapewe urithi. Kwa nini waliwakumbusha? Kila karani anajua. Hukumu ilikuwapo, ilikuwa ya Mungu mwenyewe, na bado mshindi alilazimika kurudi kuomba kukazia hukumu. Nimewaona wanawake walioshinda shauri la shamba, nakala ya hukumu wameikunja ndani ya kanga, na shamba bado linalimwa na aliyeshindwa. Mabinti wa Selofehadi walipewa. Manase ikapata mafungu kumi, na Biblia inataja sababu: mabinti walirithi kati ya wana.

Desemba inakuja, na Wahaya tutarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, kama kila mwaka. Baada ya ibada ya Krismasi na ndizi, koo nyingi zitakaa kikao cha mirathi. Muhtasari wa kikao hicho ndio utakaopelekwa mahakamani, na mimi nimeipokea mihtasari hiyo kwa miaka, kurasa mbili tatu za daftari, saini za wanaume kumi na watano, na chini mstari mmoja kwamba akina dada walijulishwa. Ninyi wazee wa ukoo mnaoketi kanisani safu ya mbele, nawaomba: waiteni dada zenu watoke jikoni wakae ndani, wapeni nafasi ya kusema kabla hamjagawa chochote, na atakayeshika kalamu aandike walichosema kama walivyokisema.